Nyoka Ndani ya Kikopo cha Maziwa

Siku binti yangu alipotapika nyoka, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na miaka minne. Alikuwa ameinama mlangoni mwa jiko, amekumbatia goti langu, na kitu kikatoka kinywani mwake kikaanguka juu ya jiwe: kirefu kama kalamu ya risasi, cheupe chenye wekundu kidogo, kikijikunja taratibu kama mtu anayeamshwa na hataki. Mama mwingine angepiga kelele hadi mji wa pili, Sake, wasikie. Mimi nikasema kwa sauti, "Ndiyo huyu!" kama mwanafunzi aliyefungua karatasi ya mtihani akakuta swali lile lile alilolikariri jana.

Maana nilikuwa mwanafunzi kweli. Mchana nilishona sare za shule kwenye baraza letu kule Ndosho, mjini Goma, kwa cherehani iliyolia kuliko mbuzi wa sikukuu, na jioni nilikwenda shule ya jioni kutafuta diploma niliyoiacha njiani nilipoolewa. Tulikuwa watu wazima arobaini tuliokaa kwenye madawati ya watoto wa miaka kumi. Magoti yangu yalifika masikioni. Mzee mmoja, fundi wa matofali, alikwama kwenye dawati lake siku ya kwanza, tukamtoa kwa kuvuta, watu sita, na hadi leo nasema tulikuwa kumi na mbili.

Mwalimu wetu wa biolojia alifanya kazi ya labo, yaani maabara, asubuhi katika zahanati moja, na jioni alikuja kwetu mikono yake ikinuka dawa. Wiki moja kabla ya siku hiyo ya jikoni alikuwa ametufundisha minyoo. Au tuseme, alikuwa ametufundisha nusu yake. Nusu hiyo ndiyo iliyokaribia kuniulia mtoto.

Lakini nianze na moto, maana bila ule moto nyumba yetu isingejaa watu.

Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, lava ilipita katikati ya mji ikaelekea ziwani, na sisi wa Ndosho tulikimbia pamoja na wengine ingawa haikutufikia. Tuliporudi siku ya tatu, nyumba yetu ilikuwa imesimama. Kosa lake lilikuwa hilo. Ukoo mzima ambao nyumba zao zilifunikwa na jiwe jeusi ulikumbuka kwamba sisi tupo. Katika vyumba viwili tulilala watu ishirini na sita. Ukigeuka usingizini ilibidi utoe tangazo. Mume wangu, dereva wa lori, hakuwepo kuuona mkusanyiko huo. Alikuwa amekwama upande wa Butembo, kwa waasi wengine, maana wakati ule nchi ilikuwa imegawanyika kati ya waasi hawa na waasi wale, na barabara ilikuwa imekatwa kati yao. Kwa hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa mama yake, mama mkwe wangu, mama wa Rutshuru mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuipinga.

Sasa fikiria choo. Ndosho tunaishi juu ya jiwe la milipuko ya zamani. Kuchimba choo ni kuvunja mlima kwa nyundo. Shimo likifika kimo cha mtoto, mwenye nyumba anaita majirani waje kulitazama. Choo chetu kilikuwa cha watu sita, kikapewa watu ishirini na sita, na mvua za mwezi wa tatu zilipokuja, kilianza kurudisha tulichokikopesha. Maji yalipita uani, yakapita penye mboga, yakapita mahali ambapo watoto walicheza kupika chakula kwa udongo na majivu. Binti yangu ndiye alikuwa mpishi wao mkuu. Alionja kila chungu.

Akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, na kifua kilipiga filimbi. Hakuna aliyeshangaa; mji mzima ulikuwa unakohoa. Watu walisema ni vumbi la volkano, wengine wakasema ni mazuku. Hilo ni neno letu, la watu wanaoishi chini ya mlima ule: upepo mbaya unaotoka ardhini, hauonekani, unalala kwenye mabonde na mashimo, unaua mbuzi amesimama. Siku zile kila kitu kilikuwa mazuku. Mtu akiumwa kichwa, mazuku. Maziwa yakiganda, mazuku. Mama mkwe aliamua kwamba mtoto alivuta mazuku akicheza bondeni, akamkataza kutoka uani. Yaani tulimfungia pale pale penye ugonjwa.

Baada ya wiki mbili kikohozi kiliisha chenyewe. Tukamshukuru Mungu. Tumbo la mtoto likaanza kukua, likawa la mviringo, linang'aa, na majirani wakasema, "Huyu mutoto sasa anakula muzuri." Nami nikajibu, "Eh, anakula." Nilijivuna. Katika njaa ile, mtoto wangu alikuwa na kitambi kama mkuu wa forodha.

Basi jioni ile, miezi miwili na zaidi baadaye, mwalimu alichora mwili wa mtoto ubaoni na kuanza kueleza safari. Yai la mnyoo linaingia kwa mdomo, kwa mkono mchafu, kwa mboga. Linaanguliwa tumboni. Lakini kinyoo kichanga hakitulii: kinatoboa utumbo, kinaingia damu, kinapita ini, kinafika mapafuni, kinapanda koo, na mtoto anakimeza tena. Ndipo kinarudi tumboni kukaa na kunenepa.

"Anazunguka yote hiyo ili arudi kwenye alianzia?" fundi wa matofali aliuliza. "Huyo hana akili."

"Ana akili kuliko weye, papa," mwalimu alisema. "Weye ulikwama mu dawati."

Tukacheka. Kisha akatuambia juu ya askari. Damu ina askari wake, alisema, chembe nyeupe, na wana vikosi. Kidudu kidogo wanakimeza, yameisha. Lakini mnyoo ni mkubwa kuliko wao mara elfu na elfu, watammezaje? Kuna kikosi kimoja kwa ajili ya wakubwa kama hao. Ukiwatia rangi chini ya hadubini wanawaka wekundu, kama kahawa iliyoiva mtini. Hao hawamezi. Wanamzunguka adui na kumwagia sumu waliyobeba.

"Na sumu hiyo haichagui," mwalimu alisema. "Inaunguza munyoo, inaunguza na nyumba ya mwenye nyumba. Vita ikifanyika mu mapafu, mutoto anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Mama anasema ni mafua. Anasema ni mazuku."

Mkono wangu uliacha kuandika.

Mtu wa dawati la nyuma akanong'ona, "Kumbe hata askari wa mu damu wanaunguza nyumba za watu." Hakuna aliyecheka. Siku zile hukujua nani amekaa karibu nawe. Mwalimu alijifanya hakusikia, akageukia ubao.

"Lakini tumboni ni mambo mengine," akaendelea. "Munyoo mukubwa akishafika tumboni anajua kuwatuliza askari. Anawabembeleza. Homa hakuna, kikohozi hakuna. Mama anasema mutoto amepona. Ile kimya, muiogope. Sasa, dawa. Dawa ya minyoo ni nzuri, lakini kuna siku moja ambayo hamupaswi kuitoa hata..."

Risasi zililia upande wa kambi ya Katindo. Mbili, kisha nyingi. Pengine ni askari alikuwa anasherehekea kitu, hatukungoja kujua. Watu wazima arobaini walitoka kupitia mlango mmoja na madirisha mawili, na fundi wa matofali, safari hii, alitoka na dawati lake. Mwalimu alipiga kelele nyuma yetu, "Wiki ijayo! Wiki ijayo tutamalizia!"

Nilifika nyumbani na nusu ya somo.

Sasa unaelewa furaha yangu jikoni. Nilijua huyu ni nani, nilijua alikopita, nilijua hata rangi ya askari waliompiga. Nikachukua kikopo cha maziwa ya unga, nikamweka mnyoo ndani na maji kidogo, nikafunika, maana mwalimu alisema ushahidi wa labo hautupwi. Kisha nikamtazama mtoto. Alikuwa amekaa chini, ameshika tumbo. Alisema, "Mama, inauma." Nikampapasa. Tumbo lilikuwa gumu upande mmoja, kama kuna fundo la kamba ndani. Mwanamke mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye nusu ya somo.

Nikakimbia kwenye duka la dawa la njia panda, nikarudi na vidonge vya minyoo. Kijana wa duka alisema kimoja. Nikahesabu kitambi, nikampa viwili.

Nisichojua ni kwamba mama mkwe alikuwa amemwona mtoto akijinyonganyonga tangu alfajiri, kabla yangu. Yeye naye alikuwa na elimu yake. Alikuwa amechuma majani ya mubirizi nyuma ya nyumba, yale machungu ambayo mbuzi mwenyewe anayafikiria mara mbili, akayatwanga, akayakamua, akamnywesha mtoto kikombe kizima. Hakuniambia, kwa sababu mke wa mtoto wake siku hizi alikuwa msomi na angeweza kucheka. Nami sikumwambia habari za vidonge, kwa sababu mkwe hamfundishi mama mkwe wake. Tulipishana mlangoni, kila mmoja na siri yake, tukasalimiana kwa heshima kubwa.

Saa nane mchana mtoto aliacha kulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alitapika maji ya kijani, akatapika tena, kisha akalala ubavu, magoti kifuani, macho yako wazi. Tumbo lilikuwa limejaa na kukazwa kama ngoma iliyowambwa. Nilipoligusa hakupiga kelele, alivuta tu pumzi.

Mama mkwe alisimama mlangoni. "Leta nguo ya kumubebea," alisema. "Tunaenda."

Barieri ya Katindo, kizuizi cha askari kwenye njia ya hospitali, ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili. Baada ya hapo hakuna aliyepita, awe mgonjwa au maiti. Tulikuwa na muda, lakini tulihitaji moto, pikipiki ya abiria. Tulipata mmoja: dereva mbele, kisha mama mkwe, kisha mtoto kati yetu, kisha mimi, nusu ya makalio yangu hewani, kikopo mkononi. Barabara ile unaijua, mawe matupu.

"Endesha mbio!" nikasema.

Moto ukaruka juu ya jiwe la kwanza, mtoto akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. "Polepole!" nikapiga kelele.

"Mama, chagua moja," dereva akasema bila kugeuka.

Sikuweza kuchagua. Tukienda mbio, kila jiwe lilimwingia tumboni. Tukienda polepole, jua lilishuka. Nilimwambia mbio, nikamwambia polepole, hadi Katindo, na yule kijana, Mungu ambariki, alitii yote mawili.

Kwenye barieri kamba ilikuwa chini; tukashuka, nikamfunga mtoto mgongoni. Watu wapatao thelathini walikuwa wamejipanga na mizigo yao. Askari alikuwa mmoja kwenye kamba na wenzake wawili wamekaa kivulini. Yule wa kwenye kamba alitoka mbali, magharibi ya nchi. Kiswahili chake alikuwa amejifunzia kambini na kilikuwa kipya bado, na Lingala ilikuwa ikichungulia ndani yake. Macho mekundu, bunduki kubwa kuliko kifua.

"Mutoto iko na nini?"

Mama mkwe, aliyekuwa mbele, ndiye mkubwa, ndiye alipaswa kujibu. Akajibu kwa sauti yake ya chini, iliyo wazi kabisa:

"Anatapika nyoka."

Hapa lazima nieleze. Kwa lugha ya mama mkwe neno ni moja: inzoka ni yule wa majani, na inzoka ni yule wa tumboni. Akihamia Kiswahili anahama nalo. Nusu ya Goma inasema hivyo, mtoto ana nyoka za tumbo, na hakuna anayekimbia. Lakini kwa askari yule, katika lugha yake na katika Kiswahili chake kipya, nyoka alikuwa nyoka.

Alirudi nyuma hatua tatu. Bunduki ikanyanyuka.

"Nyoka? Mutoto anatapika nyoka?"

"Eh," mama mkwe alisema. "Asubui moja. Iko na zingine mu tumbo."

Mstari mzima ulisogea mbali nasi kama maji. Mwanamke mmoja alifunika uso wa mtoto wake. Nikasikia neno ambalo nilikuwa naliogopa, likitoka nyuma yangu, taratibu: ndoki. Mchawi. Wakati ule mtoto aliyeitwa hivyo hakwenda hospitali. Na kweli, mwanamume mmoja mwenye tai akatoka mstarini akainua mkono, akasema yeye ana chumba cha maombi hapo karibu, wamlete mtoto kwake, siku tatu bila chakula na bila maji, nyoka watatoka kwa jina la Bwana.

"Siku tatu!" nikasema. "Hatafika kesho!"

"Mama, usipigane na Roho."

"Afande," nikamwambia askari, "tafadhali. Ni ugonjwa. Ni munyoo tu."

"Huyu mubibi amesema nyoka." Sikuwa nimewahi kumwona mtu mwenye bunduki akimwogopa mtoto wa kilo kumi na mbili, na niligundua kwamba huyo ndiye mtu wa hatari kuliko wote. "Peleka kwa pasta. Hapa haipiti."

Mama mkwe akasema, "Mwana wangu, sikiliza..."

"Haipiti!"

Mtoto mgongoni mwangu alikuwa moto kama pasi. Niliona jua juu ya paa za kambi. Niliona kamba. Nilifikiri kumpita mbio, na pia nilifikiri mke wa dereva wa lori mwenye makalio kama yangu atakimbia hadi wapi. Ndipo nikakumbuka nilichoshika.

"Afande, nyoka mwenyewe niko naye. Yuko hapa mu kikopo."

Wale wawili wa kivulini walisimama. Mstari ulirudi nyuma tena. Nadhani mtu mmoja alifika Sake.

"Usifungue!" askari alisema.

Nikafungua.

Nilimsogelea, kikopo mbele, na kila hatua niliyopiga yeye alirudi moja, hadi mgongo wake ukagusa mti wa kamba na hakuwa na pa kwenda. Akafumba jicho moja. Akachungulia kwa lililobaki.

Akafumbua na la pili.

"Hii?" akasema.

"Hiyo."

"Hii ni nyoka yenu?"

"Ya tumbo," mama mkwe alisema kwa heshima. "Nilisema."

"Mubibi!" askari alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hii ni munyoo! Mu pori miye nilitoa kama hii, nyingi! Kwa nini unasema nyoka? Ulitaka nipige risasi?" Akageuka kwa mstari, akamwona yule mwenye tai. "Na weye papa, ya kwako ya mu tumbo tutaitolea kwa siku ngapi?"

Kamba ikapanda. Aliipandisha mwenyewe, kwa mikono miwili. Tulipopita alikuwa bado anafuta jasho, anasema peke yake, nyoka, nyoka.

Hospitali daktari alimpapasa mtoto na vidole viwili, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alikuwa mwanamke mfupi, amechoka, hakutaka hadithi ya barieri.

"Minyoo imejifunga fundo," alisema. "Imeziba utumbo. Leo amepewa nini?"

Nilitazama sakafu. Mama mkwe alitazama dirisha.

"Nimeuliza, amepewa nini? Nikikosea hapa, atakufa."

"Vidonge vya minyoo," nikasema. "Viwili."

Mama mkwe aligeuka akanitazama. Miaka saba tuliyokaa nyumba moja hakuwahi kunitazama vile. Kisha akasema, chini kuliko kawaida yake, "Na mubirizi. Kikombe."

Sasa mimi ndiye niliyegeuka.

Daktari alifumba macho. "Tumbo limeziba, na ninyi mumewachokoza minyoo kutoka pande mbili. Wakichokozwa wanatafuta pa kutokea. Ndiyo maana wanajisokota." Hakutukana. Ningependa atukane. Hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya somo: siku tumbo likiwa gumu na mtoto anatapika, dawa ya minyoo haiguswi.

Hakumpasua mara moja. Alimtia mpira mwembamba puani hadi tumboni, maji ya kijani yakaanza kutoka, akamtia serumu, maji ya mshipani, mkononi, akakataza kitu chochote mdomoni. "Mara nyingi fundo linajilegeza lenyewe," alisema. "Tutangoja hadi kesho saa saba mchana. Lisipolegea, au utumbo ukitoboka, napasua. Na mafuta ya jenereta ni ya upasuaji mumoja tu."

"Tutajuaje kama limelegea, dokta?"

"Atatoa upepo."

"Upepo?"

"Atajamba, mama. Mutoto akijamba, njia imefunguka. Mukisikia, muniite."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Tulikaa mama mkwe upande huu na mimi upande ule, masikio yetu karibu na matako ya mtoto, tukingoja. Mji mzima uliogopa upepo unaotoka ardhini. Sisi wawili tuliomba upepo mmoja mdogo utoke kwa mtu wa miaka minne. Mama mwenye mgonjwa kitanda cha pili alifikiri tunasali, naye hakukosea.

Asubuhi tumbo lilikuwa lile lile. Saa nne daktari alikuja, akapapasa, akaondoka bila neno. Saa tano mtoto alifumbua macho akasema anataka maji, na tulimnyima. Hilo nalikumbuka kuliko barieri: anaomba maji, na mimi mama yake ninamwambia ngoja. Alilamba mdomo. Mama mkwe akatoka nje, akakaa huko muda, akarudi na macho yamevimba.

Akanishika mkono. Hakuwahi. "Mwana wangu," alisema, "kile kitu walikufundisha ku shule. Wale askari wa mu damu. Wako wapi sasa?"

"Wapo, Mama. Lakini hao wa tumboni wamewazidi akili."

"Basi ni kama sisi," alisema. "Tulimupigania mutoto kila mutu kwake."

Saa sita na nusu muuguzi alikuja na karatasi ya kuweka kidole, ya ruhusa ya kupasua. Nikasema naomba kuandika jina, si kidole, nimesoma. Nikaanza kuandika. Herufi ya kwanza, ya pili.

Na hapo, wasomaji wangu, ikasikika.

Haikuwa kubwa. Mtu akisema nilitia chumvi maisha yangu yote, hapa sitii hata punje: ilikuwa ndogo, nyembamba, kama mlango wa kabati unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wengine. Sote watatu tuliganda. Muuguzi alitazama mama mkwe.

"Si miye," mama mkwe alisema.

Ikaja ya pili. Hiyo ilikuwa ya mtu mzima.

Mama mkwe wangu, mwenye sauti ya chini, ambaye hajawahi kuzungumza hadi chumba cha pili kikasikia, alisimama, akainua mikono, akapiga impundu, vile vigelegele vya kumpokea mtoto anapozaliwa. Wamama wa vitanda vyote wakapokea bila kuuliza ni kwa ajili ya nini. Daktari alikuja mbio akidhani mtu amekufa. Akaweka mkono tumboni, akabonyeza, akabonyeza tena upande ule wa fundo, na uso wake ukalegea kabla ya kusema kitu.

"Chaneni karatasi," alimwambia muuguzi.

Minyoo walitoka siku mbili zilizofuata, baada ya daktari mwenyewe kutoa dawa kwa siku aliyoichagua yeye. Mimi nilihesabu arobaini na saba. Mama mkwe anasema hawakufika thelathini. Muuguzi aliandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, neno moja tu, "wengi," na sote tukakubaliana nalo.

Siku ya kurudi nyumbani tulipita barieri ile ile. Askari alikuwa yule yule. Alitutambua kutoka mbali, akaanza kupandisha kamba kabla hatujafika. Mama mkwe alimwomba dereva wa moto asimame. Akashuka, akatengeneza kitambaa chake kichwani, akamwendea.

"Afande," alisema, kwa sauti ambayo mstari wote uliisikia, "mi-nyo-o. Imetoka yote."

"Asante, Mama," askari alisema.

Binti yangu, mgongoni mwangu, alichungulia juu ya bega langu akatazama bunduki na macho mekundu. "Na weye," akamuuliza, "ya kwako ilitoka?"